Suruali ya Bugaluu kwenye Uwanja wa Bagalu

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, hata watoto wangu wanajua nusu tu, na hiyo nusu niliitengeneza mwenyewe ili nionekane nina akili kidogo. Ukweli ni kwamba Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mchana kweupe, nilimshinda kwenye ngoma mzee niliyekuwa namtaka awe baba mkwe wangu, na mimi ngoma siijui, wala sikujua kama kuna mashindano, wala sikujua kama yule ndiye mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda kujitambulisha tu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati hata mimi najichanganya.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi kijana wa Ushirombo, Msumbwa, mtoto wa nyumba ya kanisani (mama yangu alikuwa ananisalia rozari hata nikienda sokoni), nimepata kazi Shinyanga mjini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, karani wa mizani. Kutwa nzima nimesimama, naandika uzito wa magunia, pamba inaniingia puani na masikioni mpaka nikipiga chafya inatoka nyeupe. Mchana sikuwa mtu. Jioni ndiyo nilikuwa mtu, kwa sababu jioni nilikuwa nakaa kwenye benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa mbele ya kibanda cha fundi redio, si mbali na stendi, na pale walikaa mabitozi watatu wa mji ule, mimi nikawa wa nne baada ya kuwasimamia pembeni karibu miezi mitano bila kukaribishwa. Mkubwa wao alikuwa anaitwa Profesa. Hakuwahi kufundisha popote, alikuwa msaidizi kwenye duka la vitambaa, lakini alikuwa na santuri za Kongo ambazo hakuna mwingine alikuwa nazo, na yeye ndiye aliyekuwa anaamua. Anaamua nini? Kila kitu. Upana wa suruali chini, urefu wa kola, nywele ziote mpaka wapi, wimbo gani uko hai na upi umekufa. Siku moja nilikuwa najiimbia wimbo mmoja tulioupiga pale pale kibandani wiki iliyotangulia, akanitazama kama vile nimetema mate kwenye sahani yake.

"Huo umeshapita," akasema.

"Lakini Profesa, juzi si ulisema ndio mzuri kuliko yote?"

"Juzi ulikuwa huujui wewe."

Nilikwenda kulala na hilo neno nikaligeuza huku na huku, sikulielewa. Mpaka leo nalielewa nusu. Lakini kesho yake nilikuwa kwenye benchi tena.

Bugaluu yangu ya kwanza alinichagulia yeye. Rangi ya zambarau, juu imebana mpaka ukikaa unakaa kwa mpango, chini imeachia kama sketi, kiatu hakionekani kabisa. Mimi zambarau siipendi. Nilitaka kusema, nikaona wenzangu wote wawili wanatikisa vichwa kwamba ndiyo yenyewe, nikatikisa na mimi. (Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akituona anavuta pumzi ndefu, anasema vijana hawa wanafagia barabara bure.)

Sasa katika hali hiyo nikampata Minza. Minza alikuwa anafundisha shule ya msingi pale mjini, msichana wa Samuye, mpole wa sauti lakini si mpole wa maneno. Yeye benchi alikuwa analiita "ofisi yenu ya kudharau watu." Tulikuwa tumefika mahali pa kuongea mambo ya maana, akaniambia Jumamosi njoo nyumbani, mama anataka akuone, na baba pia, ila baba siku hiyo ana mambo yake ya ngoma, jioni ndiyo atapatikana.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Aliniambia mambo ya baba yake na ngoma kwa kirefu sana. Alinieleza kila kitu. Lakini siku zile mtu akianza habari ya ngoma za kienyeji masikio yangu yalikuwa yanajifunga yenyewe, kwa sababu Profesa alishasema ngoma ni ya watu wasio na gramafoni. Kwa hiyo katika maelezo yote yale nilichokishika ni "jioni", na "ukishuka uliza kwa Mzee Nkwabi, kila mtu anamjua", na "vaa kama unavyovaa kazini, Boni, tafadhali."

Ijumaa nikapeleka habari kwenye benchi.

"Unakwenda kwa wakwe na suruali ya kaki?" Profesa akauliza. "Watadhani umekuja kupima pamba yao."

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Kisha akanivulia miwani yake nyeusi akanivika, akamtuma mwenzetu mmoja alete raizoni zake, vile viatu vyenye kisigino kama tofali, akasema, "Nenda ukaonekane."

Asubuhi niliondoka nimevaa kaki kama nilivyoambiwa na Minza, na mengine yote nimeyatia kwenye mfuko, nikapanda lori la kiwandani lililokuwa linakwenda kuchukua pamba upande ule. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu mzima. Karibu na Samuye lori likachemsha, dereva akasimama kuongeza maji, na katika zile dakika kumi nikamsikia Profesa kichwani anacheka, nikashuka na mfuko wangu, nikaenda nyuma ya kichaka cha minyaa, nikabadilisha. Huo ndio uamuzi wenyewe. Dakika kumi, kichaka cha minyaa.

Tulipofika, kushuka kwenye lori na raizoni ni kazi inayotaka akili yote. Nikashuka mguu huu, nikashuka mguu huu, nikashukuru Mungu, nikakung'uta vumbi, nikageuka kuchukua mfuko. Lori lilikuwa limeshaondoka. Na kaki yangu ndani, na shati langu jeupe, na viatu vyangu vya kawaida. Nikapiga kelele, nikakimbia hatua tatu (ya nne haikuwezekana), nikaachana nalo.

Basi nikaanza kutembea kuelekea kwenye sauti za watu, maana kulikuwa na ngoma inalia, tena ni kama mbili, moja inaijibu nyingine, na watu wengi wanapita, kina mama na khanga zao, wazee na fimbo, wote wanakwenda upande mmoja. Wananiona, wanasimama. Bibi mmoja akaniamkia "mwadila", nikamjibu "shikamoo", akaniangalia miguu, akaziba mdomo.

Nikamwona mwanaume mmoja wa makamo, kifua wazi, amejipaka unga usoni, njuga miguuni, na kiunoni amefunga mkia wa ng'ombe. Baadaye nilijua anaitwa Shija. Nikasema huyu ni mwenyeji.

"Shikamoo. Samahani, kwa Mzee Nkwabi ni wapi?"

Akacheka kwa nguvu. "Nkwabi? Unamtaka Nkwabi? Leo hapa wote tunamtaka!"

Nikafurahi, nikajua kweli huyu mzee anapendwa. Shija akanizunguka, akainama, akaishika suruali yangu chini, akaivuta aone inafika wapi.

"Hii nini?"

"Bugaluu," nikasema.

Akainua kichwa. "Bagalu?"

"Eeh. Bugaluu."

"Wewe Bagalu?"

Mimi nikadhani ni lafudhi tu. Wasukuma wa shamba wana namna yao ya kutamka, na Kisukuma changu mimi ni cha kuombea maji. Nikajipiga kifuani (naona aibu hata kulisema), nikanyoosha mkono juu nikasema kwa sauti, "Bugaluu! Bugaluu yenyewe! Kutoka mjini!"

Sasa ninyi wengine ni wa kwetu mnajua, lakini kwa asiyejua: Usukumani wachezaji ngoma wana vyama viwili tangu zamani za mababu, Bagika na Bagalu, na ukizaliwa kwa Bagika humpigii makofi Mgalu. Baada ya mavuno wanakutana, kila chama na uwanja wake, wanatazamana, wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni watazamaji wenyewe: wanahama huku, wanahamia kule, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, anatafuta kitu cha kuvuta watu. Mwingine analeta chatu, mwingine nungunungu, mwingine sanamu ya mti inayocheza. Hayo yote Minza alinieleza kwa kirefu, nilishawaambia.

Shija akapiga ukelele, wakaja watu sita, wakanishika mikono. Si kwa ubaya, kwa heshima kabisa, kama wanamsindikiza bwana harusi. Nikasema, "Kwa Mzee Nkwabi?" Wakasema, "Eeh, eeh, Nkwabi, leo tunaye!" Nikaenda nao. Ningekataa vipi? Walikuwa wananipeleka.

Watu wakapasuka katikati, nikajikuta uwanjani peke yangu, ngoma zimenyamaza, na watu wamenizunguka pande zote. Nikasubiri Mzee Nkwabi atokee. Hakutokea mtu. Nikasema labda huku wageni wanapokelewa hivi. Nikavua miwani ili nisalimie vizuri, jua likanipiga machoni, nikapiga hatua, kisigino kikaingia kwenye udongo wa tuta la zamani, nikayumba kulia. Ngoma ikalia: du! Nikajirudisha kushoto. Du! Nikajaribu kusimama wima, ile suruali chini ikajikanyaga yenyewe, nikaenda mbele hatua nne za haraka mikono hewani. Du-du-du-du! Watu wakalipuka.

Nikasema, "Samahani jamani!"

Wakaitikia wote, mamia, "Samahani jamani!"

"Hapana, nasema mimi ni mgeni!"

"Mimi ni mgeni!" Na ngoma juu yake.

Jamani, kila nilichosema kikawa wimbo. Nilijaribu kutoka, njia imefungwa. Nilijaribu kukaa chini, suruali ilivyobana haikuruhusu, nikaishia katikati, nimechutama nusu, nikainuka tena, wakadhani huo ndio mtindo, vijana kumi wakajipanga nyuma yangu wanachutama nusu na kuinuka. Shija anazunguka na mkia wake wa ng'ombe, machozi ya furaha yanamchirizika kwenye unga. Na sijui niseme nini, kuna mahali hapo katikati, dakika moja au mbili, mwili wangu ulianza kufuata ngoma wenyewe, bila kuniuliza, na nikasikia raha ambayo kwenye benchi sijawahi kuisikia hata siku moja. Halafu nikakumbuka Profesa, nikaona aibu, nikayumba tena. Walikuwa wananicheka au walikuwa wananipenda? Sikujua. Nilitazama nyuso zao moja moja nitafute jibu, kila uso una jibu lake.

Juu ya vichwa vya watu nikaona uwanja wa pili. Watu walikuwa wanautoka kama maji, wanakimbia kuja kwetu, wamebeba vigoda vyao. Kule kati alibaki mzee mmoja mwembamba, amevaa kofia ngumu ya machimboni aliyoipaka rangi tatu, koti la mvua la kike, kengele za ng'ombe shingoni, na soksi ndefu nyekundu. Sijawahi kuona mtu amevaa vile, na sijawahi kuona mtu amevaa kitu kikamkaa vile. Alikuwa anacheza bado, polepole, kwa ustadi, mbele ya watu kama kumi. Pembeni yake amesimama msichana na kibuyu cha maji.

Msichana akakiweka kibuyu chini, akaanza kuja. Nikamtambua kwa mwendo.

Minza alipasua watu kwa viwiko mpaka akanifikia, akanishika shati. "Bonifasi! Unafanya nini kwa Bagalu?"

"Bagalu ni akina nani?"

"Unashindana na baba yangu!"

"Baba yako yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Yule mwenye soksi nyekundu.

Nikageuka nikimbie, kisigino cha kulia kikakatika, nikaanguka chali katikati ya uwanja, na ile suruali, ambayo fundi alishanionya nisije nikachuchumaa nayo, ikaachia mshono wa nyuma kutoka juu mpaka karibu na goti. Ngoma ikapiga pigo moja kubwa. Wanasema mpaka leo haijatokea shangwe kama ile Samuye. Minza akavua khanga ya mabegani akanifunga kiunoni, akanivuta mkono mpaka kwao. Nilitembea mguu mmoja juu, mguu mmoja chini, nimevaa khanga.

Nyumbani mama yake alinipokea vizuri, maskini, akanipa kigoda na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akajifanya haoni khanga ya mwanawe kiunoni mwangu. Nikakaa. Jua likazama, tukasikia vigelegele vya mbali, vya upande wa Bagalu: wameshinda. Kisha kengele za ng'ombe zikaja taratibu, zikaingia uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akavua kofia, akaifuta kwa kiganja, akaitundika ukutani mahali pake. Akakaa mbele yangu, jasho linamtoka, akala michembe miwili mitatu. Nilitamani anipige.

"Kitambaa kizuri," akasema mwishowe, anatazama miguu yangu. "Ulichagua wewe?"

"Hapana, mzee. Rafiki yangu mmoja."

"Na zambarau hiyo?"

"Ni yeye."

"Miwani?"

"Yake."

"Viatu?"

"Vya rafiki mwingine."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. "Na binti yangu? Unamtaka wewe, au naye kuna rafiki anamtaka?"

Minza alikuwa mlangoni. Mimi nikafungua mdomo, na badala ya kusema "mimi" haraka kama mwanaume, nikashangaa swali, nikakaa nalo, nikaanza kujiuliza kama kweli kuna kitu hata kimoja nimekitaka mwenyewe tangu nifike mjini, na mpaka namaliza kujiuliza, mzee ameshasimama.

"Nenda kalale kwa jirani," akasema. "Siku ukijua, utarudi."

Minza akarudi ndani. Hakuniaga.

Mjini habari ilinitangulia. Nilipofika kwenye benchi Jumatatu, nafasi yangu ilikuwa imewekwa boksi la betri. Profesa hakuulizia hata viatu. Alisema nimeiaibisha bugaluu, nimeipeleka kwenye ngoma, na kwamba kitu kikishachezewa ngoma hakirudi tena. Nikataka kumwambia kwamba watu wale walicheza vizuri kuliko sisi wote, sikuthubutu. Lakini subirini: hazikupita wiki tatu, wakaja vijana wanane kutoka Samuye, Shija mbele yao, wanamtafuta fundi wa "suruali za Bagalu", wanataka kila mmoja yake, moja ya njano, moja ya kijani, mmoja anataka mguu huu mpana na huu mwembamba. Fundi alikesha kwenye cherehani. Na Jumapili ile ile Profesa akatokea na suruali nyembamba kama bomba, akatangaza kwamba bugaluu imekufa, na wale wenzake wawili wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, imekufa tangu zamani.

Niliwatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Nilidhani nitaumia. Nilisikia njaa tu, nikaenda kula.

Minza alikataa kuniona karibu miezi miwili. Nilimwandikia barua nne, ya nne akanijibu mstari mmoja: baba yupo Jumapili hii, hakuna ngoma. Nikaenda kwa baiskeli ya kuazima. Nilivaa shati moja la kitenge la bluu lenye samaki wakubwa, alilonishonea mama yangu Ushirombo, kola moja imezidi nyingine, ambalo kwa kweli nalipenda tangu nilipopewa na sikuwahi kuthubutu kulivaa mjini.

Mzee Nkwabi alikuwa anashona njuga uani. Akalitazama shati.

"Hao ni samaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Baya hilo shati."

"Mimi nalipenda."

Nilisema kabla sijafikiri. Minza alikuwa anapepeta mtama pale karibu, ungo ukasimama.

"Na lile la pili nililokuuliza?"

"Ni mimi, mzee. Namtaka mimi."

Akarudi kwenye njuga zake, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno. "Haya, kaa," akasema. "Lakini Bagalu usikanyage tena."

Tulioana mwaka uliofuata kanisani Ushirombo, na mzee alikuja na soksi zake nyekundu. Nimemuuliza Minza mara nyingi, nimemuuliza hata akiwa na homa, siku ile pale uwanjani watu walikuwa wananicheka au walikuwa wananishangilia, anasema hajui, na akisema hivyo anageuza uso. Nimekubali nitakufa bila kujua. Ila nimeapa mbele ya mama yangu na rozari yake: kuanzia sasa mtu akitaka kunivika kitu chake, hata kofia tu ya kujikinga na jua, nitamrudishia mkononi na kumwambia asante, acha niungue.